Kabla hamjauza korosho mkasomee 6G

Msimu wa vijana kuja karakanani na bahasha umefika tena. Wamemaliza Level II ya uchomeleaji pale VETA, cheti bado kina joto la mashine ya kuchapia, na swali ni lile lile: "Fundi, niende Dar nikasomee 6G? Likong'o inaanza." Hiyo 6G ni jaribio la kuchomelea bomba lililofungwa mshazari.

Likong'o, kule Lindi kinakosubiriwa kiwanda cha gesi, inaanza tangu nikiwa na nywele kichwani. Juni 2022 uliposainiwa mkataba wa awali wa kile kiwanda, nilimsikia mtu pale stendi ya Lindi akipanga atakavyowapangisha Wazungu nyumba ambayo hajapiga hata msingi. Sisemi hakitajengwa. Nasema kodi ya chumba utalipa mwezi huu.

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo haya hapa ya wote. Kutofautisha 3G (bamba la kusimama) na 4G (bamba la juu ya kichwa) mnajua, sitarudi huko.

1. Ada ni sehemu ndogo. VETA ya kutwa ni 60,000 kwa mwaka na bweni 120,000, hata nyumba ambayo mikorosho yake imekula ukungu inajikongoja na kuilipa. Kinachokula pesa ni vijiti, vyuma vya kuharibu na umeme, maana chuoni mashine ni chache na foleni ni ndefu, na mkono hautulii kwa kumtazama mwenzako. Mchana ukitoka darasani tafuta karakana, fagia, shika bomba la watu, kisha omba mabaki ya vyuma ujichomelee jioni. Wengi mnaona aibu kufagia. Haya, nunueni vyuma vyenu.

2. Sasa hii 6G. Bomba la gesi la kutoka Madimba, hapa Mtwara, kwenda Dar lilizinduliwa Oktoba 2015. Mimi nikaenda kuisomea 6G mwaka uliofuata. Someni tena hiyo tarehe, taratibu.

Akili yangu iliniambia penye bomba moja yatakuja mengine. Mjomba ndiye aliyenisomesha, na pesa hakuwa nayo, kwa hiyo aliuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mchuuzi na si mnadani, zikiwa bado ni maua. Mtoto wa Tandahimba hahitaji kuelezwa hiyo maana yake nini: ulichopewa leo ni kiduchu, na utakapoziona zinauzwa mnadani utaangalia pembeni. Gharama ya kozi yangu ilikuwa ada, chumba cha Mbagala, chakula, na juu yake ile tofauti ya bei ambayo Mjomba aliiacha mikononi mwa mchuuzi. Hii ya mwisho sikuipigia hesabu hata siku moja.

Nilifaulu, tena vizuri. Bomba limefungwa nyuzi 45, haligeuzwi, unalizunguka wewe shingo ikiwa imepinda. Picha ya eksirei ikatoka safi. Nikarudi Mtwara na cheti ndani ya plastiki, nikaanza kiburi. Mama mmoja wa Chikongola alikuja anataka grili za madirisha, nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa mabomba. Wakati huo wakandarasi wa bomba walishafungasha, mtambo wa Madimba unafanya kazi na watu wake, na Dangote walishaanza kutoa saruji. Ujenzi ule mkubwa uliohitaji wachomeleaji kwa mamia ulikuwa umepita. Nikakaa nasubiri simu.

Simu ilikuja baada ya muda mrefu, kazi ya mabomba ya matangi. Nilifika saiti nimenyoosha shati. Mkaguzi alipokea cheti, hakusoma mbele hata kidogo, akageuza nyuma. Nyuma kuna visanduku. Kwa utaratibu wa ISO 9606, kiwango cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, kila miezi 6 mwajiri anasaini kwamba bado unachomelea kazi ya aina ile. Kwa wale wanaofuata kanuni za Kimarekani za ASME pia, ukikaa miezi 6 bila kutumia njia ile ya kuchomelea, sifa yako inakoma. Visanduku vyangu vilikuwa vyeupe vyote. Akanirudishia, akasema nikitaka nifanye jaribio upya. Nikafanya. Ruti, ule mshono wa kwanza wa ndani, ikatoboka upande wa chini wa bomba, mahali ambapo Dar nilikuwa napita huku naongea.

Chuo hakikunidanganya, ile karatasi ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Nilirudi nikaanza grili. Mjomba alipita siku moja, akasimama, akatazama, akasema tu, "Kumbe grili unaziweza." Akaendelea na safari yake ya sokoni. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo anayetaka 6G aje na jibu moja: nani atasaini nyuma? Kama yupo, nenda hata kwa kukopa. Kama hayupo, 3G yako na geti la jirani vinatosha kwa sasa.

3. Paketi ya vijiti vya kuchomelea vya 7018 ikifunguliwa, unyevu wa bahari yetu hii unaingia na mshono unakuja kupasuka. Kuanika juani hakusaidii, inataka tanuri ya nyuzi 260 kwenda juu.

4. Ukichomelea bomba la mabati halafu usiku ukatetemeka, mwambie daktari ulichofanya mchana kabla hajafikiria malaria peke yake. Ni moshi wa zinki. Maziwa hayazuii. Saga zinki kwanza, fanyia kazi nje penye upepo.

5. Mliojifunza mtaani msirudi kukaa darasani miaka miwili. Ulizieni VETA urasimishaji wa ujuzi, mnapimwa mnachokijua na kupewa cheti.

6. Karakana ifunguliwe kabla ya Oktoba. Huku kwetu geti linaagizwa na korosho. Minada ikianza kulipa, Newala yote inakumbuka kuwa nyumba haina madirisha, na matela yanataka kuungwa usiku. Aliyefungua Februari anakaa anapiga stori na grainda. Ila malipo ya awali chukueni, yafike angalau bei ya chuma, na msimwonee mtu haya hata kama ni shemeji. Kuna mzee aliniambia atamalizia mnada wa pili, nikamheshimu, nikanunua skwea paipu kwa pesa yangu. Mnada wa pili bei haikumpendeza, akasubiri wa tatu, kisha akaoa. Geti lipo hapa nyuma, upana mita 4, limeshapigwa rangi ya kwanza. Anayelitaka aje tuelewane.