Pini ya Msalaba Kwenye Kilti ya Kijana wa Kiislamu

SWALI: Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Glasgow, na mke wangu ni Mskoti aliyesilimu. Mdogo wake anaoa, na kijana wetu wa miaka 16 atavaa kilti, ile sketi ya kimila ya wanaume wa Kiskoti, siku ya harusi. Babu yake mzaa mama, ambaye ni Mkristo, amempa pini ya fedha yenye umbo la msalaba wa Kikelti, wa watu wa kale wa Uskoti na Ayalandi, aliyokuwa akiivaa mwenyewe. Msikitini mtu mmoja amemwambia akiivaa ametoka katika Uislamu. Mwingine akasema ni pambo tu, nia iko moyoni. Tangu hapo kijana hataki kwenda Ijumaa. Tufanye nini?

JAWABU: Alhamdulillah. Ndugu yetu, swali lako limetushughulisha zaidi kwa ile sentensi yake ya mwisho kuliko kwa pini yenyewe, nasi tutaifikia.

Kilti haina neno. Ni vazi la sufi lenye marinda, ni mila ya watu wa nchi ile na si vazi la ibada, naye Mtume (s.a.w.) katika safari ya Tabuk alivaa juba la Kishami lenye mikono ya kubana, kama alivyosimulia Mughira bin Shu'ba, hali ya kuwa Sham, yaani Syria na jirani zake, wakati huo ilikuwa mikononi mwa Warumi, nao hawakuwa Waislamu. Linalotazamwa ni sitara tu. Kilti huishia katikati ya goti, na mtu akikaa au akicheza hupanda, na zile soksi ndefu hazilisitiri paja. Basi avae ndani suruali fupi inayofika magotini.

Ama pini, huchomekwa pembeni chini upande wa kulia, kwenye pande la juu peke yake katika yale mawili ya mbele yanayopandana, ili nguo ipate uzito na isipeperuke. Kazi hiyo haihitaji msalaba, ndiyo maana ziko pini za umbo la upanga na za lile ua la miiba ambalo ni nembo ya Uskoti. Kwa hiyo hapa hapana dharura, na jawabu letu ni kwamba asiivae.

Yule aliyesema kuwa ni pambo tu amejenga hoja yake juu ya nia, na hoja hiyo siku hizi tunaisikia mno, kwa mikufu, kwa fulana za mpira na kwa mengineyo. Lakini Bibi Aisha (r.a.) amepokea, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume hakuwa akiacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila alikivunja umbo lake. Tumuulize ndugu huyu: ni nani katika nyumba ile aliyekuwa akiuabudu msalaba? Hakuna. Vilikuwa vitu vya nyumbani, na bado havikuachwa. Lau kukosekana kwa nia ya ibada kungetosha, nyumba ile ndiyo ingekuwa ya kwanza kusamehewa. Tena msalaba wa Kikelti, ule wenye duara, haukuzuka kwa mafundi wa mapambo. Katika kisiwa cha Iona, huko huko Uskoti, ambako mtawa wa Kikristo Columba alianzisha monasteri mwaka 563, msalaba wa mawe wa Mtakatifu Martin umesimama tangu karne ya 8, nao ulichongwa kutangaza imani ya kusulubiwa kwa Nabii Isa, ambayo Qur'ani imeikanusha waziwazi katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 157. Mkristo mwenye kuijua dini yake hakubali uitwe pambo tupu, basi vipi sisi tuseme hivyo kwa niaba yake?

Wala tusivuke mpaka. Mistari ya kitambaa cha kilti hukatana kila mahali na haiwi misalaba kwa hilo. Pini ya umbo la X, inayojulikana kuwa ni msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule ulio katika bendera ya Uskoti, aiache. Bendera yenye umbo hilo ikipepea juu ya jengo, hiyo si mzigo wake.

Na yule aliyemtoa kijana katika Uislamu, tunamwambia amche Mungu. Mtume amesema mwenye kumwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Kijana amepokea zawadi ya babu yake, hakuutukuza msalaba wala hakuiamini itikadi yake, na hata pini hajaivaa. Kumfukuza kijana msikitini kwa ulimi ni msiba mkubwa kuliko pini, na aliyesema aende akamtake radhi.

Wewe baba, usianze na hukumu. Anza kwa kwenda naye Ijumaa, mkae pamoja, umsikilize alivyoumia. Kisha kuhusu babu: Asmaa bint Abi Bakr alimuuliza Mtume juu ya mama yake aliyekuwa mshirikina, akaambiwa amuunge mama yake. Basi pini isitupwe wala isifichwe kabatini. Kijana airudishe kwa mkono wake, amshukuru, amweleze kwa adabu kuwa dini yake haimruhusu kuivaa, na amwombe amchagulie nyingine, ikiwezekana waende dukani wote wawili. Mzee anayempenda mjukuu wake hufahamu. Na ikiwa kilti haijanunuliwa, mwonyeshe kijana kwamba tangu mwaka 2012 iko tartani (kitambaa cha mistari cha kilti) ya Kiislamu: buluu ya bendera ya Uskoti na kijani, mistari mitano myeupe ya nguzo za Uislamu, na sita ya dhahabu ya nguzo za imani.

Wallahu a'lam.