Spika za nyuma zinafanya nini? Majibu kwa wapenzi wa roki ya zamani

Juma lililopita nilitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba albamu nyingi za roki za miaka ya 1970 siku hizi nazisikiliza kwa spika tano na sabufa (spika ya besi nzito), si kwa spika mbili za stirio. Nilidhani imepita. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi, na moja ambalo limenichekesha.

Wanamuziki wenyewe walituachia stirio. Leo mtu anakuja na kuhamishia gitaa nyuma ya kochi langu. Huko si kuharibu kazi ya watu?

Ndugu yangu, hasira yako naielewa, ila historia haiko upande wako. Wazo la kumzingira msikilizaji kwa sauti si la juzi. Pink Floyd walikuwa na mtambo ulioitwa Azimuth Co-ordinator, wenye vishikio vya kuzungushia sauti ukumbini, na Mei 1967 waliutumia katika Queen Elizabeth Hall, London. Albamu yao The Dark Side of the Moon ilitoka 1973, na Alan Parsons, fundi sauti aliyeirekodi kwenye studio za Abbey Road, akaitengenezea pia mchanganyo wa spika nne. Hata zile saa zinazogutuka kwa pamoja mwanzoni mwa wimbo "Time", Parsons alikuwa amezirekodi kwenye duka la saa za kale kwa ajili ya santuri ya kuonyesha uwezo wa spika nne. Ndipo zikaingia kwenye albamu. Kwa hiyo ukizisikia zikilia kila pembe ya chumba, zimerudi nyumbani kwao.

Kisha jua kazi yenyewe inavyofanyika. Fundi hachukui stirio iliyokwisha kuiva akaimwaga chumbani. Anarudi kwenye kanda mama, ambako kila ala au kundi la ala lina traki yake: ngoma hapa, besi pale, waitikiaji kwingine. Kanda hizo ni kavu. Mwangwi mwingi uliouzoea uliongezwa baadaye, siku ya kuchanganya, na namna nyimbo zinavyofifia mwishoni ni mkono wa mtu uliokuwa ukishusha sauti polepole. Vyote hivyo lazima vitengenezwe upya. Steven Wilson, ambaye mwaka 2009 alianza kuzitoa upya albamu za kundi la King Crimson akishirikiana na Robert Fripp, mpiga gitaa wao, ana utaratibu ninaouheshimu: kwanza anaijenga upya ile stirio ya zamani mpaka ifanane na ya asili kadiri awezavyo, ndipo anaanza kuitandaza. Mtu wa namna hiyo hajaja kuharibu.

Lakini wapo wanaoharibu. Gitaa likikimbia duara chumbani kama kuku aliyeponyoka, bila sababu yoyote ndani ya wimbo, mimi huzima. Spika za nyuma zikipewa waitikiaji, kinanda, makofi, au gitaa la pili linalojibizana na lile la mbele, hapo ndipo unagundua kuna watu kwenye wimbo ambao miaka yote ulikuwa umewakalia.

Nimenunua diski ya SACD, boksi limeandikwa kuwa ina chaneli nyingi, lakini ni spika mbili za mbele tu zinazotoa sauti. Nimeibiwa?

Hapana. SACD ni diski inayofanana na CD lakini inaweza kubeba chaneli nyingi, yaani sauti tofauti kwa kila spika. Nyingi zina tabaka mbili: moja ni CD ya kawaida, nyingine ndiyo SACD yenyewe. Mashine ya CD, na nyingi za DVD, husoma ile ya kawaida na kukupa stirio bila kukuambia lolote. Unahitaji mashine inayoandikwa kuwa inasoma SACD, na ndani ya menyu yake uchague chaneli nyingi.

Kama mashine unayo, angalia waya. Ule waya mwembamba wa mwanga haupitishi chaneli nyingi za SACD. Tumia HDMI, au zile waya sita za analogi kama risiva yako, ile mashine inayozigawia spika sauti, bado ina matundu yake. Ugonjwa ni huohuo kwa DVD-Audio, diski nyingine ya muziki wa chaneli nyingi.

Sebule yangu ni ndogo na kochi limegusa ukuta. Spika za nyuma nizitundike wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana watu hubadilisha mashine mara tatu kabla ya kusogeza kochi mara moja.

Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambayo studio nyingi huyafuata, ni haya. Spika ya katikati iwe mbele yako moja kwa moja. Ya kushoto na ya kulia ziwe digrii 30 kila upande. Zile mbili tunazoziita za nyuma ziwe kama digrii 110, yaani pembeni yako, zimerudi nyuma kidogo tu ya masikio. Zote tano ziwe umbali sawa kutoka kichwani kwako na karibu na usawa wa masikio. Unaona sasa: spika "za nyuma" hazikuwahi kukusudiwa kukaa nyuma kabisa ya kisogo. Kochi lililogusa ukuta bado linakubali spika za pembeni. Ukiweza kulivuta hata hatua moja kutoka ukutani, livute, kwa sababu ukutani besi hujilimbikiza na kufanya kila wimbo uvume kama pipa.

Ukishazipanga, zilinganishe. Risiva nyingi zina sauti ya majaribio, ule mvumo kama wa mvua, unaopita spika moja baada ya nyingine. Kaa mahali pako pa kawaida na uhakikishe kila moja inakufikia kwa nguvu ileile. Filamu humsamehe mwenye spika dhaifu za nyuma, kwa sababu kazi yao mara nyingi ni upepo na risasi. Muziki hausamehi. Gitaa zima likiwekwa nyuma na spika yako ni ya mchezo, utasikia gitaa la mchezo.

Kuhusu sabufa: mpango huu wa spika tano na sabufa huandikwa 5.1, na ile ".1" ni chaneli ya besi nzito peke yake, isiyopanda zaidi ya hezi 120. Gitaa la besi haliishi humo tu, liko pia kwenye spika kubwa. Kama spika zako ni ndogo, iambie risiva izione kuwa ndogo ili besi yao, kwa kawaida chini ya hezi 80, ipelekwe kwenye sabufa. Ukisahau hatua hiyo, nusu ya mpiga besi anapotea.

Na jambo la aibu, nalisema ili msinifuate: niliwahi kusikiliza miezi minne nikiwa nimebadilisha waya za nyuma, kushoto kwenda kulia. Nilikuwa nikimsifia fundi kwa "ujasiri" wake.

Risiva yangu ina kitufe kinachofanya wimbo wowote wa stirio utoke spika zote. Si ni kitu kilekile?

Si kilekile. Kitufe hicho kinakisia: kinatazama kinacholingana kati ya kushoto na kulia na kukipeleka katikati, kinachotofautiana kinatupwa nyuma. Wakati mwingine kinakisia vizuri na chumba kinapendeza. Ila hakijui mpiga kinanda ni nani. Fundi mwenye kanda mama anajua.

Kwa nini albamu za miaka ya 1960 hazinipi ile raha ya kutenganishwa ninayoipata kwenye za 1970?

Sikio lako liko sawa, na sababu ni hesabu ya traki. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, ya 1967, ilirekodiwa kwa mashine za traki nne. Nne zikijaa, ziliunganishwa na kuhamishiwa kwenye kanda nyingine ili kupata nafasi, na kilichounganishwa hakikutenganika tena. Ngoma, besi na gitaa vinaweza kuwa vimelala kwenye traki moja kama mahindi na maharage kwenye sufuria. Kufikia Abbey Road ya 1969 walikuwa na traki nane. The Dark Side of the Moon ilipata 16. Kila traki iliyoongezeka ni uhuru kwa fundi wa leo.

Giles Martin, mwana wa George Martin aliyekuwa prodyuza wa Beatles, alipotengeneza upya Sgt. Pepper mwaka 2017, alirudi kwenye kanda za awali, zile za kabla ya kuunganishwa, akazilinganisha upya kwa kompyuta. Kwa Revolver, iliyotoka upya 2022, njia hiyo isingetosha, kwa sababu mengi yalipigwa kwa pamoja kwenye traki moja. Ikatumika programu iliyofunzwa kutambua sauti za ala na kuzitenganisha, teknolojia iliyokuzwa na timu ya Peter Jackson walipokuwa wakitengeneza filamu ya Get Back. Miaka michache kabla ya hapo tungesema haiwezekani. Nikiisikiliza nasikia mahali pachache ambapo matoazi yana ukungu wa mashine, lakini nimekubali bei hiyo.

Kando kidogo: Pet Sounds ya Beach Boys, 1966, ilitoka kwa mono, yaani sauti moja isiyo na kushoto wala kulia, na Brian Wilson aliyeitunga na kuiongoza alikuwa hasikii kwa sikio la kulia. Baadaye ikapata stirio, kisha chaneli nyingi. Albamu ya mtu wa sikio moja, imetandazwa kwa spika tano, na bado haijapoteza moyo wake. Sijawahi kuacha kulishangaa hilo.

Marehemu baba yangu aliacha santuri za spika nne za miaka ya 1970. Naweza kuzicheza?

Pole, na hongera kwa urithi. Kucheza utacheza, hata kwa mashine ya kawaida utapata stirio. Kupata zote nne ndiyo kazi. Kulikuwa na mifumo iliyopingana, na ugomvi huo ulichangia kuiua biashara yote kabla muongo haujaisha. Soma jalada. Likisema SQ (ya CBS) au QS (ya Sansui), chaneli nne zimekunjwa ndani ya mbili na zinahitaji kifaa cha kuzikunjua. Kila mfumo una chake, na havibadilishani vizuri. Likisema CD-4, mfumo wa JVC, chaneli za ziada zimebebwa juu ya wimbi la hezi 30,000, mbali na uwezo wa sikio, na sindano ya kawaida inaweza kuufuta mfereji huo kwa kuusaga. Ndiyo maana sindano ya Shibata ilibuniwa. Kwa hizo za CD-4, usiweke sindano mpaka umepata inayofaa.

Ukikuta Quadrophenia ya The Who humo, usiikague jalada ukitafuta alama hizo. Pete Townshend, mpiga gitaa wa kundi hilo, aliikusudia spika nne, na jina lenyewe linasema hivyo, lakini matokeo hayakumridhisha na 1973 ikatoka kwa stirio.

Sina spika tano wala sitakuwa nazo. Dolby Atmos kwenye hedifoni inahesabika?

Inahesabika nusu. Atmos, mfumo unaotandaza sauti pande zote hadi juu ya kichwa, ilianzia kwenye sinema mwaka 2012, na 2021 ikaingia kwa kishindo kwenye huduma za muziki za intaneti. Hedifoni zina spika mbili tu, kwa hiyo programu inaiga namna kichwa na masikio yanavyoibadilisha sauti inayotoka nyuma au juu. Tatizo ni kwamba inaiga masikio ya wastani, na ya kwako huenda si ya wastani. Rafiki yangu husikia waitikiaji nyuma ya kichwa. Mimi nawasikia ndani ya fuvu. Jaribu wimbo unaoujua kwa moyo. Kama mwimbaji amesogea mbali na ngoma zimelegea, rudi kwenye stirio bila kuona haya.

Nianze na albamu gani?

Wengi watakutajia The Dark Side of the Moon, na chaneli tano alizozitengeneza James Guthrie kwa SACD ya 2003 ni mlango mzuri. Mimi ningekuambia uanze na Aqualung ya Jethro Tull. Ilirekodiwa katika studio iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa London, na ilipotoka 1971 sauti yake ilikuwa kama imefunikwa blanketi. Steven Wilson aliitengeneza upya 2011. Sikiliza kwanza stirio ya zamani, wimbo mmoja tu, kisha ile mpya. Hutahitaji mtu wa kukueleza spika zinafanya nini.

Baada ya hapo, In the Court of the Crimson King ya King Crimson, ya 1969. Kile kinanda cha Mellotron, ambacho kila kitufe chake huburuta kipande cha kanda chenye sauti iliyorekodiwa, kikitanda chumba kizima, mimi huacha chai ipoe.

Mume wangu amekaa kiti cha katikati tangu spika zifike. Mimi nipo pembeni, nasikia spika moja ya nyuma tu ikinipigia tarumbeta sikioni. Kuna mpango gani?

Dada, fundi alichanganya muziki akiwa amekaa kiti kimoja, na kiti hicho ndicho mume wako amekikalia. Punguza kidogo nguvu ya spika iliyo karibu nawe, na uielekeze ipite juu ya kichwa chako badala ya kukulenga, hapo utapata nafuu. Lakini albamu hizi karibu zote zilitoka kwanza kwenye santuri, na santuri ina upande wa kwanza na wa pili. Upande wa kwanza ni wake. Ukiisha, asimame.