Kichwa kikiuma mlimani sema, acha kumeza panadol kimyakimya

Juzi nimepata meseji toka kwa dada mmoja anajiandaa kupanda Kilimanjaro mwezi wa kumi na mbili na wenzake wa ofisini. Kaniandikia hivi: "Kaka habari, hivi nikimeza panadol usiku ili yule anayetuongoza asijue kichwa kinauma kuna shida? Naogopa asije akanirudisha na hela nishalipa yote."

Nimecheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, maana swali hilohilo, kwa mtu mwingine kabisa, ndilo lililonifanya nisemwe kwenye grupu la WhatsApp la watu ambao wengine hata siwajui, eti mimi ni kiongozi muoga nimemnyima mtu kilele chake. Kwa hiyo namjibu hapa hapa na nyie wote msome, najua mnaonifuata wote mnaitaka ile picha pale kwenye kibao cha Uhuru, mita 5,895, bendera mkononi, midomo imepasuka na jua lakini meno yote nje. Na mimi ndiyo kazi yangu kukufikisha pale. Hakuna kiongozi anayefurahi kurudisha mgeni, weka hiyo akilini kwanza.

Mimi ni wa Marangu. Sijaanza kazi hii na redio mkononi, nimeanza kama mgumu, yaani mpagazi kwa wale mnaosoma mko mbali. Nimepanga foleni getini alfajiri nikisubiri jina langu liitwe, mzigo unapimwa kwenye mzani usizidi kilo 20, unaweka begi la mgeni kichwani na lako mgongoni unapandisha, na ukifika kambini mgeni yuko nyuma huko bado anapiga picha maua. Baadaye nikawa msaidizi, nikasoma, nikapata leseni. Sisemi haya nijisifie (ingawa najisifia kidogo), nasema ujue kwamba anayekuuliza jioni "unajisikiaje" ameshaona watu wa kila aina wakijibu "niko fiti" huku macho yanasema mengine.

Sasa kuhusu kichwa. Hewa ya kule juu ina oksijeni asilimia ileile ya Dar, kinachopungua ni mgandamizo, kwa hiyo pale kileleni kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya kile unachopata ukiwa Kigamboni. Mwili unajua kujirekebisha, unapumua haraka zaidi, moyo unakwenda mbio, figo nazo zinafanya kazi yake, lakini unataka muda, na muda wenyewe ni wa siku sio masaa. Ukipanda haraka kuliko mwili unavyozoea ndipo kichwa kinaanza kugonga, chakula hakipiti, kichefuchefu, usingizi hamna. Hiyo ni dalili ya kwanza na inampata yeyote, mwanajeshi, mcheza mpira, mama wa miaka hamsini. Ukikimbia kila asubuhi Coco Beach ni vizuri kwa miguu yako, ila mapafu hayapati msamaha wowote kule.

Na hapa ndipo wengi hamjui: kichwa kuuma peke yake hakikurudishi! Wangapi wamefika Uhuru na kichwa kinawauma, wengi sana. Ninachotaka kujua ni kama kinapungua au kinazidi. Ukiniambia saa moja jioni kichwa kinauma nitakwambia kunywa maji, kula hata supu, haya meza panadol yako hapa mbele yangu, tukae. Kikiisha na ukaweza kula, kesho tunaendelea. Kisipoisha na dawa umemeza, hiyo nayo ni habari, na tuna usiku mzima wa kuamua. Sasa wewe ukimeza gizani, mimi nakuona asubuhi unatabasamu nahesabu huyu mzima, nakupandisha mita nyingine elfu moja juu ya tatizo ambalo sijui kama lipo. Panadol inatuliza maumivu tu. Kinachoendelea ndani ya fuvu kinaendelea.

Nikwambie ya huyo mtu niliyesemwa kwa ajili yake kwenye grupu, bosi mmoja. Simtaji na kampuni yake siitaji. Ilikuwa safari ya sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, kundi toka Dar, fulana za rangi moja, wamelipia njia ya Marangu siku tano. Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, watu wanadhani kwa sababu kuna kitanda basi ni rahisi. Hesabu mwenyewe: geti lipo kama mita 1,880, unalala Mandara 2,720, kesho yake Horombo 3,720, kesho yake Kibo 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Kila siku karibu elfu moja, hakuna kupumua. Nilimwambia mratibu wao waongeze siku moja Horombo, tungepanda mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks tukarudi kulala palepale, mwili ungezoea. Akaniambia bajeti imeshafungwa. Bajeti! Fulana mbili mbili kila mtu zilipata bajeti.

Bosi mwenyewe mtu mzuri, mcheshi, njia nzima anatuhadithia binti yake anayesoma darasa la saba. Siku ya kwenda Kibo, tulipopita pale mwisho wa maji tukaingia kwenye uwanda ule mkavu katikati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, akanyamaza. Watu wengi wananyamaza pale, upepo mkali na njia inaonekana yote mbele haifiki, kwa hiyo sikushtuka sana. Jioni nikapita na karatasi yangu, kila mtu namuuliza maswali yaleyale. Kichwa? Hakiumi. Umekula? Nimeshiba kiongozi. Nikatazama bakuli lake, supu imejaa na kijiko kikavu. Nikamwambia kaka kama kuna kitu sema, akaniangalia akacheka akasema "niko fiti kuliko wewe". Sasa mtu mzima akikwambia hivyo mbele ya wafanyakazi wake ufanyeje? Nikamwandikia alama ya kuuliza pembeni ya jina lake na nikaamua usiku atatembea nyuma yangu mimi, sio nyuma ya msaidizi.

Tukatoka karibu na saa sita usiku. Baridi ile ya mrija wa maji kuganda, tochi za kichwani zinapanda mstari mmoja, changarawe inateleza unapanda hatua moja unarudi nusu. Kabla hatujafika pango la Hans Meyer nikasikia hatua nyuma yangu zinakosa mpangilio. Nikageuka. Glavu moja imedondoka hajui, mkono uko wazi kwenye ule upepo na hajui. Nikaiokota, nikampa, akawa anaivaa kwenye mkono ambao tayari una glavu. Akaisukuma, akaisukuma, akaniangalia kama mimi ndiye nimemletea glavu mbovu. Nikamuuliza binti yako anaitwa nani. Akafikiri. Mtu ambaye tangu getini hajaacha kumtaja huyo mtoto, akafikiri, akasema "subiri kwanza".

Nikachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo yangu nikamulika tochi nikamwambia pita hapa juu, kisigino kiguse vidole, hatua kumi tu. Hatua ya tatu akaenda pembeni kama mtu aliyetoka kwenye msiba wenye mbege nyingi. Tukarudia, akaenda pembeni tena. Kwangu mimi hapo mjadala umeisha, kuyumba na kuchanganyikiwa kwa mwinuko ule ni dalili za ubongo kuvimba, na hiyo inaua, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, sasa hivi, sio kukikucha. Nikawaachia wasaidizi kundi nikamgeuza.

Alinitukana. "Unajua mimi ni nani? Unajua nimelipa shilingi ngapi?" Nikamshika mkono tukashuka, Kibo akatapika, wagumu wakaamka bila kulalamika wakamlaza kwenye machela ile ya gurudumu moja, wakamkimbiza gizani mpaka Horombo. Asubuhi alikuwa amekaa anakunywa chai na mkate, ananiuliza kwa nini tumeshuka maana yeye anajisikia vizuri tu.

Ndiyo ubaya wa ugonjwa huu, ukishuka mapema unapona haraka mpaka mgonjwa anaona alionewa. Mgumu mmoja aliyekuwa anafunga begi lake akanionyesha vibati vya dawa za maumivu, vitupu, zaidi ya kimoja. Nikavirudisha mfukoni mwa begi nikanyamaza. Getini kwenye kugawa tipu akampa kila mtu mkononi, mpishi, wasaidizi, wagumu wote, akanipita mimi akaenda kwenye gari. Wiki iliyofuata ndio hayo maneno ya kwenye grupu, mtu akanitumia picha ya meseji zenyewe. Sikujibu. Leo naandika hapa na jina lake nimelihifadhi, nadhani hiyo inatosha kuonyesha nani muungwana.

Basi dada yangu, ushauri wangu ni huu: sema. Kichwa kikiuma sema, usipokula sema, ukitapika usiku nyuma ya kibanda ukafukia na mchanga, sema pia. Ukianza kukohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kifua kinatoa sauti ya maji, usisubiri asubuhi, muamshe mtu, hayo ni mapafu na mapafu hayasubiri. Dawa zote ulizobeba mwonyeshe kiongozi wako jioni ya kwanza, hata za presha, hata za uzazi wa mpango, hatukuchukulii, tunataka kujua tu kuna nini ndani yako. Vidonge vya Diamox ukitaka kutumia kamuone daktari huku bado uko mjini, hasa kama una aleji ya dawa za salfa, na ujue itakukojolesha na kukuwasha vidole. Inasaidia mwili kuzoea, lakini haigeuzi siku tano kuwa saba.

Maji lita tatu, nne kwa siku. Pole pole, unalijua. Ukimpita kiongozi wako njiani hujashinda kitu.

Na ongeza siku! Nitalisema mpaka mchoke. Kama ni Marangu chukua sita sio tano, kama unaweza njia ya Machame chukua saba, Lemosho saba au nane. Mnabishania laki kadhaa kwenye bei ya kampuni halafu mnanunua buti la laki tano la kuvaa mara moja. Uzuri wa Machame na Lemosho ni kwamba unapandishwa mchana hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, halafu unashushwa kulala Barranco chini ya 4,000. Kupanda juu na kulala chini, mwili unapenda hivyo, na hakuna panadol inayofanya kazi hiyo.

Sisi Watanzania tuna tatizo letu moja hasa hizi safari za Desemba. Tunapanda tukiwa tumeshaaga kama tunaenda vitani, michango imechangwa, mkurugenzi kakabidhi bendera mbele ya kamera, sasa nani arudi aseme nimeishia njiani? Kila mtu anataka kuwa Alexander Nyirenda. Ndugu zangu, Nyirenda aliyepandisha mwenge na bendera mwaka 1961 alikuwa ofisa wa jeshi, wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi Ijumaa na basi la usiku. Na hata ukiishia Gilman's Point, mita 5,685, au Stella Point, pale ukingoni kabla ya Uhuru, hifadhi inakupa cheti chake, sio aibu, wageni wa Ulaya wanakibandika ukutani kwao. Mlima hauondoki. Acheni kusukumana, acheni ule mtindo wa "twende bana usituangushe" kwa mtu ambaye amekaa kwenye jiwe na midomo imebadilika rangi. Unamsaidia nini? Wewe si daktari, wewe unataka tu awepo kwenye picha.

Na hela uliyolipa hukulipia kilele, hilo lisomeni vizuri. Umelipia ada ya hifadhi, wagumu, mpishi, chakula, na mtu mwenye leseni wa kukuambia hapana. Hifadhi haikuruhusu kwenda bila kiongozi na sio kwa sababu njia inapotea, Marangu ile hata mtoto anaifuata.

Kingine kabla hujamalizia malipo, waulize kampuni yako usiku wa kilele watatoka na viongozi na wasaidizi wangapi. Mtu mmoja akishuka lazima ashuke na mmoja wetu, wawili wakishuka kwa nyakati tofauti ni wawili wameondoka, na waliobaki bado wanahitaji mtu mbele na mtu nyuma. Kundi la watu kumi na kiongozi na msaidizi mmoja tu, wa kwanza akiugua mnarudi wote au mnaachwa na mtu mmoja kwenye giza. Uliza idadi, uliza kama wanabeba oksijeni na kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, uliza machela iko kambi gani. Wakikujibu "usijali dada, tutajipanga hukohuko", hamia kampuni nyingine.