Tikiti ya Basi au Tiketi ya Basi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaikum. Mwanangu wa gredi ya sita aliandika katika insha yake kwamba “Baba alikata tikiti ya basi Mwembe Tayari.” Mwalimu alilipigia neno hilo mstari mwekundu, akamweleza kuwa tikiti ni tunda na kwamba alipaswa kuandika tiketi. Mtoto alirudi nyumbani amenuna, kwa maana hapa kwetu sote husema tikiti. Je, amekosea? Na neno hili la Kiingereza lina asili gani, hata likawa linatumika pia kwa wanasiasa wanaogombania “tiketi ya chama”? – Mama wa Kisauni, Mombasa.

JIBU: Wa alaikumu ssalamu, dada yangu. Nitaanza na asili ya neno, kisha nimrudie mwanao.

Katika Kifaransa cha kale palikuwa na kitenzi estiquier, chenye maana ya kubandika au kuchomeka, ambacho nacho kilitokana na lugha za jamii ya Kijerumani. Kutoka hapo likapatikana neno estiquet, yaani kikaratasi kilichobandikwa mahali ili watu wakisome. Waingereza walilichukua katika karne ya 16, wakaangusha mwanzo wake, likabaki ticket, na wakati huo lilikuwa na maana ya hati fupi au taarifa ndogo iliyoandikwa, wala halikuhusu safari. Wafaransa kwa upande wao walibaki na étiquette, ambalo ni lebo ya bidhaa na pia taratibu za adabu za kasri la mfalme. Na kwa maana hiyo ya adabu Waingereza walilikopa kwa mara ya pili katika karne ya 18. Kwa hiyo stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha matatu na tiketi iliyomo mfukoni mwa abiria ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa kuwa shina la yote mawili ni kule kubandika.

Maana zikazidi kuongezeka. Katika karne ya 17 Mwingereza aliyechukua bidhaa bila ya kulipa aliandikiwa deni lake kwenye kikaratasi cha namna hiyo, na mpaka leo kukopa dukani wao hukuita kununua kwa tick, ambacho ni kifupisho cha neno lilelile. Karatasi ya faini anayoandikiwa dereva ni maana ya juzijuzi tu, ya karne ya 20.

Ama ile tiketi ya chama, chimbuko lake ni Marekani. Kabla ya serikali za majimbo kuanza kuchapisha karatasi za kura mwishoni mwa karne ya 19, kila chama kilichapisha orodha ya wagombeaji wake, na mpiga kura akaitumbukiza orodha hiyo sandukuni. Karatasi hiyo ndiyo iliyoitwa ticket, na aliyepata nafasi ya jina lake kuchapishwa humo alikuwa amepata tiketi kwelikweli, kitu cha kushikika mkononi. Mazoea hayo yalikwisha, lakini usemi ukabaki, nasi tukaupokea bila ya karatasi yenyewe.

Tiketi za reli zina kisa ninachokipenda zaidi. Reli za mwanzo za Uingereza zilimlazimu karani kumwandikia kila abiria tiketi yake kwa mkono, mpaka Thomas Edmondson, fundi seremala wa fanicha mzaliwa wa Lancaster aliyekuja kuwa karani wa stesheni, alipobuni katika miaka ya 1830 vipande vya kadi nene vilivyochapishwa tayari na kupewa nambari kwa mfululizo. Vipande hivyo vilienea katika reli za nchi nyingi, na huku kwetu pia vilitumika. Ninacho kimoja cha marehemu babangu, cha safari ya kutoka Mombasa kwenda Voi: kadi ya rangi ya kahawia iliyofifia, ndogo kuliko kiberiti kwa upana, yenye tobo la koleo la mkaguzi pembeni. Abiria wa leo wa Miritini, stesheni ya reli ya kisasa hapa Mombasa, hulipa kwa simu, kisha hukabidhiwa karatasi nyepesi, na wino wake hauchukui muda kupotea.

Sasa nimrudie mwanao. Waingereza huandika ticket kwa herufi ya e, lakini wanapolitamka, irabu ya pili husikika kama i. Aliyelipokea kwa sikio alisema tikiti, kama wazee wetu walivyosikia market wakasema Marikiti, jina tunalolitumia mpaka leo kwa soko letu la mjini. Aliyelipokea kwa jicho, kutoka kwenye maandishi, akaandika tiketi. Njia zote mbili ni za haki, na mimi siwezi kuliita kosa neno ambalo mji mzima unalitamka. Hata hivyo nakubali kwamba magazeti na ofisi zimeichagua tiketi, na uchaguzi huo una faida yake, hasa kwa kuwa sisi husema kukata tiketi. Kitenzi hicho kinaafiki vizuri, maana karani huchana kipande cha abiria kutoka kwenye kitabu chake na kubakiwa na kisehemu cha pili. Lakini ukimwambia mtu “nimekata tikiti,” ana haki ya kukuuliza kama amwite mtoto alete sahani.

Kinachoondoa utata ni ngeli. Tunda ni tikiti hili na matikiti haya. Cha safari ni tikiti hii na tikiti hizi, hakina ma-. Mwanao aliandika “tikiti ya basi,” akaliweka neno katika ngeli yake sawasawa, na sidhani kwamba msomaji yeyote wa insha ile alifikiria tunda. Mwombe mwalimu kwa heshima aitazame tena sentensi hiyo. Lau mtoto angeandika “tikiti la basi,” ningekuwa upande wa kalamu nyekundu.