Jibu: Kampuni ya gesi imefyeka ufuta wangu, mwenyekiti anataka nisaini leo

Salamu mkuu. Kama nimekuelewa, watafiti wa gesi wamefyeka njia katikati ya ufuta wako huko Kamsamba, na mwenyekiti wa kijiji anasema usaini fidia kwa kuwa gesi ni ya serikali. Gesi ni mali ya umma, kweli. Ufuta na haki ya kulima hapo ni vyako.

Usisaini kwanza. Waulize kwa maandishi: wanapita tu, au wanachukua ardhi? Wakipita, dai mazao yaliyoharibika. Wakichukua, Kanuni za fidia ya ardhi za Tanzania za 2001 zinakupa thamani ya soko ya ardhi na maendelezo (ulichopanda au kujenga), pamoja na posho ya usumbufu, ambayo watu wengi hawajui hata kuidai.

Fomu ya uthamini, yaani orodha ya mali zako na thamani yake, isome mstari kwa mstari. Kwetu Chunya miembe inayozaa iliandikwa miche! Tulipiga picha kila mti, mthamini akarudi kurekebisha. Baki na nakala. Uthamini ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yakipita miezi 6 unadai riba.

Mwenyekiti akizidi kukubana, mwandikie afisa ardhi wa wilaya, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.