Molekuli inaua vimelea maabara, panya haponi: tatizo liko wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasoma kemia. Nimetengeneza molekuli inayozuia nusu ya vimelea vya Plasmodium falciparum vinavyokuzwa maabara kwa nanomola 40 tu. Panya walioambukizwa Plasmodium berghei, malaria ya panya, tuliwapa kwa mdomo miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, siku 4 mfululizo, lakini vimelea havikupungua. Niongeze kundi gani la atomi ili dawa iwe kali zaidi?

JIBU: Kwa sasa usiongeze kundi lolote. Nanomola 40 ni ukali wa kutosha kwa hatua uliyofikia. Usichokijua bado ni kama dawa yako iliingia kwenye damu ya panya, na kama iliingia, ilikaa muda gani.

Hilo liliwahi kuwapata watafiti waliokuwa wakisaka dawa ya malaria ya kuzuia DHODH, kimeng'enya ambacho kimelea hukitegemea kujitengenezea pirimidini, malighafi ya DNA yake. Molekuli yao ya mwanzo, DSM1, ilikuwa na naftalini, yaani pete mbili zilizoungana, na kwa falciparum wa maabara ilikuwa kali sana. Kwa panya haikufanya kitu. Walipochunguza, ripoti yao ya mwaka 2009 ikataja sababu mbili kwa pamoja. Kwanza, kiwango cha dawa kwenye damu kilikuwa kidogo, na kadiri panya walivyoendelea kupewa dozi ndivyo kilivyozidi kushuka. Pili, DHODH ya berghei haikuzuiwa vizuri kama ile ya falciparum.

Wakaondoa naftalini, wakaweka pete moja ya benzini yenye kundi la CF3 (kaboni yenye florini tatu) upande wa pili wa pete. Hiyo ndiyo DSM74. Kwenye kipimo cha kimeng'enya ilikuwa dhaifu kuliko DSM1, na wasimamizi wengi wanaopenda tarakimu ndogo wangeitupa kapuni. Lakini ini halikuimaliza haraka, ikadumu kwenye damu, na panya waliopewa kwa mdomo vimelea vyao vikapungua. Ukali ulirudishwa baadaye kwenye kiunzi hichohicho, hadi ikapatikana DSM265, ambayo ilifika kwenye majaribio ya wagonjwa nchini Peru.

Sasa turudi kwako. Anza na berghei, maana ndilo jambo rahisi kusahaulika. Pima molekuli yako kwenye berghei nje ya mwili, saa 24 zinatosha kwa mzunguko mmoja. Ikiwa hapo nanomola 40 zimegeuka 2,000, panya wako hawana kosa. Utahitaji panya wasio na kinga waliowekewa damu ya binadamu ili wabebe falciparum. Wana gharama kubwa, kwa hiyo tafuta maabara ya kushirikiana nayo.

Kama berghei nao wanakufa, fuatilia dawa yenyewe. Wape panya wasioambukizwa dozi moja kwenye mshipa, wengine kwa mdomo, kisha chukua matone ya damu kwa vipindi hadi saa 24 na upime dawa kwa spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Ikishuka haraka hata iliyopita kwenye mshipa, mtuhumiwa wa kwanza ni ini. Iweke pamoja na mikrosomu za ini (vipande vya seli za ini vyenye vimeng'enya) na NADPH inayoviendesha, uone inaliwa upande gani. Mara nyingi ni CH3 iliyoshikamana na pete, pete yenye elektroni nyingi, au kaboni iliyo jirani na nitrojeni ya amini. Hapo ndipo florini au CF3 ina kazi. Ukiiweka mahali pengine unaifanya tu molekuli ipende mafuta zaidi.

Iliyopita kwenye mshipa ikidumu na ya mdomo isionekane, angalia umumunyifu. Maabara uliiyeyusha kwa DMSO, kiyeyushi kikali, kila kitu kikaonekana safi. Panya alimeza mchanganyiko wenye chembe, na huenda nyingi zilitoka kwenye kinyesi kama zilivyoingia. Pima umumunyifu kwenye bafa ya pH 6.5 na pH 7.4. Jaribu kutengeneza chumvi ya molekuli kabla ya kuibadilisha, ni kazi ya siku chache.

Inawezekana pia dawa ikawa nyingi kwenye damu na bado panya wasipone. Basi pima sehemu iliyo huru. Molekuli zinazopenda mafuta hung'ang'ania albumini, protini ya damu, na kinachomfikia kimelea ni ile ambayo haijashikwa. Chakula cha vimelea maabara huwa na protini kidogo kuliko plazma, kwa hiyo ile 40 yako huenda inakupamba kuliko unavyostahili.

Ukipata grafu za damu, nitumie pamoja na muundo wa molekuli, tuone ni kaboni ipi ya kuigusa.