Jung Hoo Lee: pesa haikupotea

Kaka, unasema San Francisco Giants, timu ya besiboli ya Marekani, walitupa dola milioni 113 kwa kumsajili Mkorea Jung Hoo Lee kwa kuwa takwimu za ligi ya Korea hazina maana. Sikubaliani nawe hata kidogo. Ni kweli warushaji wa kule hawana kasi ya wale wa Marekani, na hom-rani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) huwa zinapungua mtu akihamia huku. Lakini jicho la kuusoma mpira anakuja nalo. Mwaka 2022, akiwa Kiwoom Heroes ya Korea, alishika gongo zaidi ya mara 600 na kutolewa kwa straiki tatu, yaani kukosa mpira mara tatu, mara 32 tu! Mchezaji wa namna hiyo unamsajili.

Msimu wa 2024 usimhukumu nao. Alicheza mechi 37, akaruka kuufuata mpira ukutani, bega likateguka, akafanyiwa upasuaji. Mwaka uliofuata akarudi na kupiga mipira 12 iliyomfikisha besi ya tatu kati ya nne za kukimbilia, moja kwa moja. Kilichonitia wasiwasi mimi mwaka huo wa 2025 ni ulinzi wake pale katikati ya uwanja wa nyuma, hapo tunaweza kubishana.